Kibao cha Ua la Mama

Nchi yetu ina bahati ambayo nchi nyingine hazina: miti yake yote imepandwa na mtu mmoja. Ukipita mbele ya shule, ya zahanati, ya gereza, hata ya choo cha stendi, utaona kimti kimezungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa, na mbele yake kibao: MTI HUU ULIPANDWA NA MTUKUFU MLEZI WA TAIFA. Vibao vya wilaya yetu ya Chamvuko naviandika mimi. Naitwa Hiza, ila mjini wananiita Fundi Vibao, na bila majivuno niseme kwamba herufi zangu huheshimiwa hata na watu wasiojua kusoma.

Tatizo lilikuwa la miti yenyewe. Ilikuwa inakufa. Mlezi akishapanda, akapigiwa makofi, akanawishwa mikono na kuondoka, ule mti ulikaa wiki mbili tatu ukitafakari hotuba, halafu ukakauka. Sasa, mti uliopandwa na Mlezi hauwezi kufa. Hilo liko kwenye sheria. Kwa hiyo kila mmoja ukikauka, mkuu wa wilaya aliung'oa kimyakimya na kuchomeka mwingine wa kimo kilekile. Mkuu wetu wa zamani alisahau mwarobaini mmoja nyuma ya ghala la pamba. Mlezi akapita, akakuta kibao kinatangaza kijiti kikavu. Mkuu yule alimwaga unga palepale, na tangu hapo hajaonekana, ingawa redio ilisema anapumzika.

Ndipo Mama Mlezi, mke wa Mtukufu, alipoirudishia nchi usingizi. Alikwenda ng'ambo kutibiwa meno, akaona ua kwenye bustani ya hoteli, akakata kijiti akakitia mkobani. Alikichomeka kwenye bustani ya Kasri. Hakikufa. Walikisahau bila maji, hakikufa. Gari la msafara lilikikanyaga kwa bahati mbaya, na kesho yake kilikuwa kimetoa matawi pande zote mbili za tairi. Basi Mtukufu akaamua kwamba kuanzia siku hiyo hatapanda kitu kingine, na wakuu wa wilaya nchi nzima wakaanza kulala.

Ni kichaka kizuri, lazima niseme. Vishada vyake vina maua madogo madogo, ya katikati manjano, ya pembeni waridi, na yakizeeka yanakuwa mekundu, kwa hiyo kishada kimoja kinabeba rangi zote kwa wakati mmoja. Majani yake yanakwaruza kama msasa. Shina lina pembe nne, na miiba midogo iliyopinda kurudi nyuma, ili ukiingia usiwe na haraka ya kutoka. Vitunda vyake vyeusi vinapendwa sana na ndege. Ukifikicha jani linatoa harufu ambayo gazeti la serikali liliiita ya kipekee. Bi Siwema alisema ni mkojo wa paka uliochanganywa na mafuta ya taa.

Bi Siwema ni mama yangu mdogo. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenichukua, akanilea kwa maziwa ya mbuzi katika kijiji cha Mtipwili, ukingoni mwa pori. Nyuma ya kijiji, ndani ya pori hilo, chini ya miti yetu ya asili, mifudu na mikole, ilikuwepo chemchemi. Mtipwili hawakuwa na maji mengine. Mradi wa bomba ulikwishafika, maana kibao chake nilikiandika mwenyewe. Bomba lilikuwa bado njiani.

Mlezi alipokuja Mtipwili kupanda Ua la Mama, alilipanda mbele ya shule, pale njia ya kwenda chemchemi inapoanzia. Mkuu mpya wa wilaya, Mheshimiwa Kidundo, alitoa hotuba ndefu kuhusu rangi. Alipouliza kama kuna swali, akimaanisha kwamba hakuna, Bi Siwema alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hicho kinaliwa na nini?"

"Bibi, hakiliwi na kitu chochote," alisema Kidundo, na uso ukamng'aa. "Mchwa hawali, funza hawali, ukame wenyewe umekishindwa. Ndiyo sifa yake hiyo."

Watu wakapiga makofi. Bi Siwema akaketi, akaniinamia sikioni huku mimi nikipuliza rangi ya kibao ikauke.

"Mwanangu, kitu kisicholiwa na chochote, chenyewe kinakula nini?"

Nilimwambia ajiheshimu, tuko mbele za watu.

Mvua zilizofuata, ndege wakafanya kazi ambayo hawakutumwa. Walikula vitunda pale shuleni, wakaenda kunya porini. Ua la Mama likachipua chini ya kila tawi ambalo ndege anaweza kutua. Likakaa kwanza chini ya mikole kwa adabu, halafu likapanda juu yake, halafu mkole ukawa hauonekani. Njia ya chemchemi, ambayo wanawake walikuwa wakipita wawili wawili wakisemezana, ikawa ya mmoja mmoja. Khanga zikachanika. Watoto wakawa wanarudi na maji nusu ndoo na mikwaruzo miguuni.

Wazee wa Mtipwili wakaenda kwa Mheshimiwa Kidundo kumweleza kwamba pori lao limevamiwa na kichaka kigeni. Nilikuwepo ofisini, nabandika kibao cha mlango.

"Kinafananaje?" aliuliza Kidundo.

Wakamweleza: shina la pembe nne, miiba iliyopinda, vishada vya manjano na waridi. Kidundo aliwasikiliza huku akitazama dirishani, ambako kichaka cha namna hiyo kilikuwa kimekaa ndani ya matofali ya chokaa, kimechanua, mbele ya kibao changu.

"Hicho sijapata kukiona," akasema.

Lakini malalamiko yalikuwa yanatoka wilaya nyingi, na ikabidi taifa liseme neno. Mlezi akahutubia redioni. Alisema adui ameingia porini akiwa amevaa majani. Alisema tutamtambua, tutamng'oa, na tutamsahau. Akaunda Tume ya Utambuzi wa Gugu la Kigeni, na akamteua kuiongoza Profesa Lubida, mtaalamu wa mimea aliyesomea nchi tatu na kuogopa zote tatu.

Profesa Lubida alifika Mtipwili na viatu vipya. Walimpeleka porini, akasimama ndani ya vichaka vilivyomfika kifuani. Kisha akapelekwa shuleni kupumzika, wakamwekea kiti kandokando ya kibao. Akalitazama Ua la Mama la shule. Akalitazama jani lililonasa kwenye shati lake. Akatazama viatu.

"Kwa ukaguzi wa awali," alisema, "tunaweza kuthibitisha kwamba gugu hili ni mmea."

Tukapiga makofi.

"Profesa," alisema Bi Siwema, "ni hilohilo ulilokaa karibu nalo. Fikicha unuse."

Kuna kimya kinachokuja kabla ya radi, na kuna kingine kinachokuja mtu akisema jambo ambalo kila mmoja analijua. Hiki kilikuwa cha pili, na ndicho kibaya zaidi. Makofi yalikatikia hewani. Mheshimiwa Kidundo alichukua kitambaa akajifuta shingo.

"Bibi," alisema Profesa, kwa upole kabisa, "sayansi haiendi haraka namna hiyo."

Wiki ileile niliitwa ofisini. Kazi ilikuwa ya heshima: kuchora picha ya adui, ichapwe, ibandikwe kila kijiji, ili wananchi wamtambue wakimwona. Niliambiwa nichore kinachoota porini. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo, nikachora kinachoota porini.

Mheshimiwa Kidundo aliitazama picha yangu, akainuka, akavuta pazia la dirisha.

"Hiza, ondoa maua."

Nikaondoa maua.

"Hiyo miiba inatia watu hofu bila sababu. Ondoa. Na hayo majani, yalainishe kidogo. Shina lifanye la mviringo, pembe nne nani atazihesabu? Vitunda viweke, lakini visiwe vyeusi. Weka vya rangi ya udongo."

Nilifanya kama alivyosema, mpaka picha ikatulia. Kidundo akarudi nyuma hatua kadhaa, akaridhika.

"Sasa hii ni nini?"

"Huu ni mkole, Mheshimiwa," nikasema. "Ukiongeza kimo kidogo unakuwa mfudu."

"Usitaje majina. Majina ni kazi ya Tume."

Profesa Lubida aliitwa. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema haipingani moja kwa moja na sayansi, kisha akauliza gari lake limepaki wapi.

Kikosi cha Ung'oaji kikaingia porini kikiongozwa na Kamanda Tindwa, mtu mwenye nguvu na utii, asiyejua tofauti kati ya hivyo viwili. Kila askari alikuwa na picha yangu mfukoni. Waling'oa mikole. Waling'oa mifudu ambayo watoto wa Mtipwili walikuwa wakiokota matunda yake tangu babu zao wakiwa watoto. Walipokutana na Ua la Mama walilikwepa kwa heshima, wengine wakavua kofia, na miiba ikawavua mashati. Walipomaliza sehemu, waliacha udongo mwekundu umelala wazi, umechimbuka vizuri, tayari kwa chochote kitakachotaka kuota. Mnajua ni nini kilichotaka.

Mikole ilipokwisha, mbuzi hawakuwa na la kula. Wakaanza kula lile ambalo halikuwa likiliwa na kitu. Mbuzi wa Bi Siwema waliumwa masikio mpaka ngozi ikabanduka, macho yakawa ya manjano. Hawakutaka jua. Walikuwa wanaingia bandani na kuelekeza nyuso kwenye pembe yenye giza, na hapo walisimama mpaka wakaanguka. Bwana mifugo alikuja, akawatazama kwa mbali, akaandika kwamba wamekufa kwa woga. Mamdogo alibakiwa na beberu mmoja tu, ambaye alikuwa mbishi hata wa kula.

Ndipo akaja mjini. Nilikuwa kwenye kibanda changu, nachora samaki kwa ajili ya hoteli. Hakunisalimia, na hiyo si kawaida yake. Alikaa kwenye kopo la rangi, akakunja khanga magotini.

"Kesho kutwa wanafika chemchemi," alisema. "Pale pamebaki mifudu na mikole iliyofunika maji. Wakiing'oa, jua litaingia, na lile lidude litaingia. Sisi tutakunywa nini?"

"Mamdogo, serikali ina mpango wa bomba."

"Hiza. Nimekulea mimi."

Nikaweka brashi chini.

"Nataka kibao," akasema. "Kama vile unavyowaandikia wao. Maneno yaleyale, rangi ileile. Nikipigilie kwenye mfudu mkubwa pale majini. Hawatagusa."

Nilimweleza kwamba kibao bila Mlezi ni kosa kubwa sana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainama, kwa sababu kulikuwa na mche mdogo umeota kwenye ufa wa sakafu yangu, una majani mawili tu, na mimi sikuwa nimeuona. Aliubana kwa vidole viwili, akauvuta polepole. Ukatoka na mzizi wote, mweupe, mrefu kuliko mche wenyewe.

"Likiwa hivi, unaliweza hata wewe," alisema. "Likishaota mwiba, umechelewa. Ukilikata, linarudi mara mbili. Ukilichoma, linashukuru. Ni mzizi tu, mwanangu, na ni mapema tu."

Nilimwandikia kibao. Nilitumia rangi ya serikali, kwa sababu kopo lilikuwa limebaki nusu na ingekauka bure.

Mpango ulifanya kazi kupita tulivyotarajia. Kamanda Tindwa alifika chemchemi na kikosi chake, akainua jembe, akaona kibao. Akakisoma. Akapiga saluti. Kikosi kizima kikapiga saluti, wakaondoka wakirudi kinyumenyume, na Bi Siwema alikuwa amesimama nyuma ya mfudu akiwatazama. Jioni hiyo Mtipwili walipika wali.

Lakini Tindwa ni mtu wa kutoa taarifa. Alimwarifu Kidundo kwamba amekuta miti ya Mtukufu kwenye chemchemi. Kidundo hakuwa na habari nayo, na kwa kuwa mkuu wa wilaya hawezi kukosa habari, akaipeleka juu kama habari yake. Ikapanda hivyo hivyo, kila mmoja akiongeza kidogo, mpaka ikamfikia Mlezi kwamba aliwahi kupanda msitu mzima Mtipwili kwa mkono wake. Mtukufu akasema anaikumbuka siku hiyo vizuri, na kwamba kulikuwa na upepo. Akasema anataka kwenda kuuona.

Kidundo na Profesa Lubida wakatangulia kukagua. Niliwafuata na kopo, kibao kipate kung'arishwa. Bi Siwema alikuwa anachota maji. Walisimama mbele ya ule mfudu mzee, wakakisoma kibao, wakautazama mti, wakaitazama picha ya adui.

"Profesa," alisema Kidundo, "huu mti ni nini?"

"Unafanana na gugu, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa picha."

"Na kibao kinasema umepandwa na Mtukufu."

"Ndivyo kinavyosema."

"Mtukufu hapandi gugu. Mtukufu hupanda Ua la Mama."

Wakakisoma kibao tena. Nilikuwa nimeshika brashi, nikaendelea kung'arisha herufi moja ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Nilingoja waseme kibao ni cha uongo. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiria nani atanilishia kuku wangu.

"Kibao hakiwezi kukosea," alisema Kidundo hatimaye. "Basi mti ndio umekosea."

Ukawa uamuzi. Waliung'oa mfudu, na mikole yote iliyouzunguka, mpaka chemchemi ikabaki inakodolea jua. Lori likaja kutoka Kasri na miche ya Ua la Mama iliyokwisha kuchanua, wakaipanda ukingoni mwa maji, mizizi ikining'inia ndani. Kibao hawakukibadili. Walikipigilia kwenye nguzo palepale kwa misumari mipya, wakanisifu kwa herufi.

Kidundo akamwona Bi Siwema anafuta macho.

"Unalia furaha, bibi?"

"Nayalilia maji," alisema.

Mtukufu hakushuka. Alipita juu na helikopta, akaona rangi zimetandaa kutoka shule mpaka upeo wa macho, akapunga mkono. Redio ilisema aliguswa sana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Sheria ilikuwa wazi kwamba hakuna ruhusa ya kugusa Ua la Mama lililo karibu na kibao, na hakuna aliyejua karibu inaishia wapi. Maji ya chemchemi yakawa meusi, halafu yakawa tope. Njia ikafumba kabisa. Watu wa Mtipwili wakaanza kuhama, nyumba moja moja, bila kuagana, vitanda vikiwa kichwani. Mpaka leo nashangaa jinsi walivyokosa uzalendo.

Bi Siwema hakuhama. Alichukua jembe akaingia porini.

Nilipata habari kwa jirani yake wa mwisho, nikaenda. Nilisimama pale shuleni, ambapo njia ilikuwa inaanzia, na sikuona pa kupitisha hata mkono. Lakini nilimsikia. Lilikuwa jembe, mbali, ndani kabisa, upande wa maji. Linapiga, linanyamaza, linapiga. Anachimba mzizi, nikajua. Hakati.

"Mamdogo," niliita.

Jembe likanyamaza kidogo.

"Rudi nyumbani, Hiza," akasema. Sauti yake ilinifikia ndogo, haina hasira. "Umechelewa. Angalia kwako."

Nilikimbia kwa Mheshimiwa Kidundo. Alinisikiliza vizuri, hata chai alinipa. Alieleza kwamba kung'oa Ua la Mama kumekatazwa, kwa hiyo hakuna mtu anayeling'oa, kwa hiyo ninachosikia ni ndege. Hata hivyo, kwa moyo wa huruma, ataniombea kibali cha kwenda kumtafuta huyo ndege.

Kila nilipokwenda nililisikia jembe, na kila mara lilikuwa limepungua nguvu. Kibali kilipokuja kiliruhusu watu kuingia porini, mradi wasiguse jani. Kamanda Tindwa alikuja na kikosi kizima. Tulijipanga ukingoni, tukaita. Hatukusikia kitu ila ndege wanakula. Tindwa alivua kofia, nafikiri kwa ajili ya maua, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua la kufanya nayo. Mimi nilimlilia mama yangu mdogo hadharani, mbele ya kibao, na hilo silifichi.

Nikaandika kibao kingine, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuandika: BUSTANI YA TAIFA YA MTIPWILI. Watu wanakuja kupiga picha za harusi.

Juzi mvua ilinyesha. Asubuhi nilipofungua kibanda nikaona kitu kwenye ufa wa sakafu, palepale mamdogo alipokuwa ameinama. Majani mawili. Nikachuchumaa. Nikanyoosha vidole viwili, nikaubana mche, na nikahisi mzizi unaanza kulegea.

Kivuli kikaniangukia. Alikuwa Kamanda Tindwa, anapita kazini, mikono yake yote makovu. Alinitazama, akautazama mche, akatazama vidole vyangu. Nilidhani, kwa jinsi alivyonitazama, kwamba ananiomba niuvute.

Halafu akatazama barabarani, kulia na kushoto.

"Hongera, Fundi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Hata wewe umepata Ua la Mama. Utaliandikia kibao?"

Nikaachia. Nikaushindilia udongo kuzunguka shina, vizuri, kwa kiganja.

"Nitaliandikia," nikasema, nikaingia ndani kutafuta brashi.